Maswali na Majibu: Seva Kubwa, Tepu na Siku ya Kurejesha

Seva yetu ya mafaili ina terabaiti 40 na mtandao wetu ni wa gigabiti moja kwa sekunde. Tuna kiendeshi cha tepu cha LTO-8 (kizazi cha nane cha kaseti za tepu za kuhifadhia data), lakini kazi ya kunakili seva kwenye tepu inayoanza Ijumaa saa kumi na mbili jioni huwa haijaisha Jumatatu asubuhi. Je, kiendeshi ni kibovu? (Msomaji, Kigoma Mjini)

Kiendeshi chenu ni kizima. Kinachokwamisha ni njia ya kukifikia. LTO-8 huandika megabaiti 360 kwa sekunde bila kubana data, ilhali mtandao wenu hupitisha takriban 110 tu (biti nane ni baiti moja), na kwa kasi hiyo terabaiti 40 zinadai zaidi ya saa 100. Tena kaseti moja hubeba terabaiti 12, kwa hiyo ya kwanza hujaa karibu saa sita usiku wa kuamkia Jumapili, wakati ofisini hakuna mtu wa kuweka ya pili, na kazi yote husimama ikimsubiri. Na data ikija polepole kuliko kasi ya chini kabisa ambayo kiendeshi hustahimili, tepu husimama, hurudi nyuma na kuanza upya, tena na tena, jambo linalochakaza tepu na vichwa vya kiendeshi.

Kiunganisheni na seva yenyewe kwa kebo ya SAS (inayounganisha vifaa vya kuhifadhia data moja kwa moja na seva), au pelekeni nakala kwenye diski za kati kwanza, kisha diski hizo ziilishe tepu kwa kasi inayoitaka. Ikiwa seva imejaa mamilioni ya mafaili madogo, hata mtandao wa gigabiti 10 hautawaokoa, kwa kuwa kila faili lazima lifunguliwe, lisomwe na lifungwe. Gawanyeni folda ili zisomwe kwa mikondo kadhaa kwa wakati mmoja. Wala sioni sababu ya kunakili terabaiti zote 40 kila wiki. Nakala kamili inaweza kuchukuliwa kila mwezi na mabadiliko kila usiku, mradi mkumbuke kwamba siku ya kurejesha mtahitaji ile kamili pamoja na mabadiliko yaliyofuata, na kaseti moja ikikosekana kazi ya siku zake imepotea.

Seva yetu ina RAID 6 (diski nyingi zilizopangwa kufanya kazi kama moja). Bado tunahitaji tepu? (Kasulu)

Ndiyo. Swali hili linaletwa kila mara, na ni hatari kwamba bado linaulizwa na watu waliokabidhiwa kumbukumbu za ofisi. RAID 6 huvumilia kufa kwa diski mbili. Faili likifutwa, hufutika kwenye diski zote papo hapo.

Boksi la kaseti limeandikwa terabaiti 30. Mbona yetu hujaa kwenye 12? (Tabora)

Namba hiyo hudhani kwamba data itabanwa mara mbili na nusu. Nyaraka zilizoskaniwa, picha na video tayari zimebanwa. Nunueni kwa hesabu ya 12.

Mkuu wetu anasema tepu imepitwa na wakati, twende kwenye wingu, yaani tuhifadhi data kupitia intaneti kwenye seva za kampuni nyingine. Nimjibu nini? (Kigoma)

Mpe hesabu. Kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, terabaiti 40 zitachukua takriban miezi sita kupanda, na kushuka kunaweza kuwa vivyo hivyo. Mweleze pia kwamba Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, Google yenyewe ilizirejesha kutoka kwenye tepu. Kaseti iliyotolewa kwenye kiendeshi haifikiwi na virusi vya kudai fedha. Iliyoachwa ndani inafikiwa, kwa hiyo itoeni.

Wala msiifungie kabatini katika chumba hichohicho cha seva, maana moto hautachagua. Ofisi zilizo karibu na ziwa zimeona maji ya Tanganyika yalivyopanda miaka ya karibuni. Seti moja ipelekwe Kasulu au Tabora, mahali pakavu pasipo na joto kali, ikiwa imesimbwa (isisomeke bila ufunguo), na ufunguo wa usimbaji usikae kwenye seva peke yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, kaseti ya taarifa za watu ikipotea njiani si suala la fundi peke yake.

Programu huandika "imekamilika" kila usiku. Nitajuaje kwamba nakala ni nzima? (Afisa TEHAMA, Ujiji)

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe kabla ya yote, kabla hata ya kununua kiendeshi. Utajua kwa kurejesha tu. Programu nyingi huandika "imekamilika" hata baada ya kuruka mafaili yaliyokuwa wazi, nayo maonyo hubaki chini ya ripoti ambayo hakuna anayeisoma. Kila mwezi chagua folda bila mpangilio, irejeshe kwenye mashine nyingine, ufungue mafaili, ukague ruhusa za watumiaji, na uandike muda uliotumika. Walau mara moja kwa mwaka fanya hivyo kana kwamba seva ya nakala nayo imeungua, kwa sababu orodha inayoonyesha faili lipi limo katika kaseti ipi mara nyingi hukaa humo humo; ikipotea, programu italazimika kuzisoma kaseti moja baada ya nyingine ili kuijenga upya. Na mkihamia LTO-9, tunzeni kiendeshi cha zamani: LTO-9 husoma kaseti za LTO-8, lakini haisomi za LTO-7.