Mama mdogo, mtoto hana kimeo

Shikamoo mama mdogo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeuliza: Uingereza si kuna madaktari wa kila aina, mbona mjukuu wako ana miezi saba na bado analishwa kwa mpira wa puani? Ukasema nimlete Nkuhungu, hapo Dodoma, apewe uji wa uwele na aangaliwe kimeo, kile kinyama cha kooni. Leo nakujibu yote, maana kwenye simu huwa nasema "tunaendelea vizuri" halafu nakata kabla sijalia.

Hana kimeo. Alizaliwa na tundu kwenye ukuta wa moyo. Damu nyingi kupita kiasi inakwenda kwenye mapafu, anahema harakaharaka, na kunyonya kwake ni kazi nzito. Nikimweka kwenye titi, dakika tano tu jasho limemjaa usoni, kalala. Nguvu anazotumia zinazidi maziwa anayopata. Kliniki ya kwanza waliniambia ni hofu ya uzazi wa kwanza. Tukapoteza wiki tatu, na hadi leo linaniuma. Hata huku mama hupuuzwa.

Baadaye likaonekana la pili. Maziwa yalikuwa yanapita njia ya hewa, naye hakohoi. Mtoto mwingine akipaliwa utamsikia. Huyu alikuwa kimya. Walimnywesha maziwa yaliyochanganywa na dawa inayoonekana kwenye eksirei, nikayaona mwenyewe kwenye skrini yakishuka kusikotakiwa. Uji wa uwele ungefuata njia hiyohiyo, mama mdogo. Usinielewe vibaya, mimi mwenyewe nimekuzwa kwa uji huo.

Kwa hiyo mpira. Unapita puani hadi tumboni, umebandikwa plasta shavuni. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, navuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, nayadondoshea kwenye karatasi ya kupimia asidi. Ikisoma 5.5 au chini, najua ncha iko tumboni, namlisha. Ikizidi hapo, simpi hata tone, maana huenda mpira umehamia kwenye mapafu. Juzi aliuchomoa saa tisa usiku. Baba yake alikuwa kazini zamu ya usiku, nikabaki na mtoto anayelia njaa hadi tukafika hospitali kwa teksi.

Wataalamu wapo kweli, na ninawashukuru: wa moyo, wa lishe, na wa matamshi, ambaye huku ndiye anayeshughulikia pia kumeza. Huyo alinifundisha kumpa chuchu bandia maziwa yanapoingia kwa mpira, ili mdomo usisahau kunyonya. Wanasubiri aongezeke uzito ndipo apasuliwe. Hata baada ya hapo atalazimika kujifunza kula, polepole.

Kuhusu pesa, hospitali haitutozi, lakini kwenye viza tunalipia ada ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, 776 kwa mtoto. Posho ya serikali kwa watoto wa namna hii haituhusu, viza inakataza. Mimi nimeacha kazi. Ndiyo maana hela ya bati haijaja.

Ninachokosa hasa ni mikono. Hapo Nkuhungu ningekuwa na wewe, na shangazi, na majirani, mtu wa kumbeba nioge. Hapa jirani yangu sijui hata jina lake.

Na umesema mtoto wa binti wa Kongwa naye anatoka jasho akinyonya na haongezeki. Mama mdogo, nakuomba kwa magoti, msimpeleke kukatwa kimeo wala kung'olewa fizini hayo yanayoitwa meno ya plastiki. Anaweza kuvuja damu na kupata maambukizi, na moyo utabaki vilevile. Apelekwe Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma, mama yake aseme wazi kwamba mtoto anatoka jasho, anahema haraka na uzito umesimama, aombe moyo upimwe. Wakihitaji kumpasua, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar, na treni ya umeme ipo. Asingoje kuja Ulaya.

Jumapili nipigie video saa tatu usiku ya kwenu. Hapa itakuwa saa kumi na mbili jioni, wakati wa kumlisha. Mwimbie Kigogo kama ulivyoniimbia mimi. Mara ya mwisho alipoisikia sauti yako aliinyonya ile chuchu mpaka maziwa yakaisha.