Sahihi yangu chini ya maneno "maji moto"

Kwa wiki tatu mfululizo mikate yetu ilikuwa inarudi. Si yote, wala si kila siku. Jumatatu inatoka imejaa vizuri, Jumanne inatoka imebonyea katikati kama mto uliolaliwa. Mangi wa dukani anaikataa, dereva wa kirikuu anaishusha mlangoni kwangu. Mimi nilikuwa na miezi miwili tu kwenye kiti cha msimamizi wa uzalishaji katika bekari moja hapa Dar es Salaam, na jibu nilikuwa nalo tayari: zamu ya usiku ni wazembe. Niliandika barua nne za onyo.

Aliyenistua ni mwenye bekari. Alisoma nakala za zile barua, akaniuliza swali moja: "Watu ni walewale, unga ni uleule. Sasa huo uzembe wao unachagua siku?"

Sikuwa na la kumjibu. Jioni hiyo sikurudi nyumbani. Saa kumi na mbili zamu ilipoingia, nilimfuata mzee wa mashine ya kukandia, mtu aliyeanza kukanda unga mimi nikiwa shule ya msingi. Nikamwambia: "Shikamoo mzee. Naomba leo nikae hapa, unionyeshe unavyofanya." Alinitazama kwa muda, kisha akakinga maji kwenye jagi na kunikabidhi. Yalikuwa ya moto wa kuogea.

Bekari yetu inatumia tangi jeusi la plastiki lililoko juu ya paa. Siku ambayo maji ya bomba yanatoka, tangi linajazwa upya mara kwa mara na maji hayapati nafasi ya kupata moto. Siku ya mgao, maji yaleyale yanashinda juani tangu asubuhi. Ukiyatumia kukandia, unga unatoka kwenye mashine ukiwa na joto jingi. Sisi tunataka uwe nyuzi 26 au 27 hivi. Ukizidi sana hapo, hamira inakimbia, unga unaumuka haraka kuliko saa yetu ya kuoka, na trei zinapoingia kwenye oveni nguvu imeshaisha. Mkate unakaa chini.

Zamani walikuwa wanatia barafu. Barafu ile niliifuta mimi, wiki yangu ya kwanza kazini. Niliiona kwenye orodha ya matumizi nikadhani ni ya maji ya kunywa.

Nikamuuliza mzee mbona hawakunieleza. Hakusema neno. Akafungua daftari la zamu, akawa anafunua ukurasa baada ya ukurasa na kuweka kidole. "Maji moto." "Maji moto, unga umewahi." "Maji moto, tunaomba barafu." Niliyahesabu, mara kumi na moja. Na chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi yangu, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa natia sahihi daftari bila kulisoma.

Barua za onyo nilizifuta siku iliyofuata, nikawaomba radhi mbele ya zamu nzima. Barafu ikarudi, tukanunua na kipimajoto.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaopanda cheo wananiuliza kiongozi afanye nini ili watu wafunguke, nami huwa najibu kuwa mara nyingi wameshafunguka. Kinachokosekana ni mkubwa mwenye hamu ya kujua. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba kuuliza si ujinga, lakini ukichunguza utaona methali hiyo huwa anaambiwa mdogo. Bosi haambiwi. Bosi anatarajiwa awe na majibu, na akishaanza kuuliza anaona kama anavua cheo chake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa hapa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aisikrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, hivyo aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto badala ya kusubiri yapoe. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote, na darasa likapata neno la kumtania kila anapokosea.

Kisha akaja mgeni, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama na kumuuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yanaganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini. Lakini alimuuliza kama kweli amelijaribu jambo hilo, akakiri kwamba hajui sababu, na akaahidi kulipima akirudi Dar es Salaam. Akalipima kweli. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, yenye majina yao wote wawili, na hadi leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya kitu kinachoitwa kwa jina la kijana yule.

Ninachokisisitiza kwa viongozi ni kwamba Osborne hakulazimika kukubali. Angeweza kuendelea kuwa na shaka, na hilo halimharibii mtu. Alichofanya ni kuondoka na swali la kijana na kwenda nalo hadi maabara. Huo ndio udadisi ambao mfanyakazi anaweza kuuona kwa macho. Kutikisa kichwa kikaoni na kusema "wazo zuri" hakumfikii mtu.

Sasa kuhusu namna ya kuuliza, maana hapa nimeumia. Kwa Kiswahili chetu, "kwa nini" ikitoka kinywani mwa bosi haisikiki kama swali. Ni kesi. "Kwa nini umefanya hivi?" na mtu ameshaanza kujitetea. Najua kule kwenye kampuni ya magari ya Toyota, mhandisi Taiichi Ohno alisisitiza kuuliza kwa nini mara tano hadi ufike kwenye mzizi wa tatizo, na njia hiyo imewasaidia wengi. Lakini maswali yale yanaelekezwa kwenye mashine na mwenendo wa kazi. Ukimwelekezea mtu mara tano, ya tatu atakuwa analia. Mimi nimehamia kwenye "hebu nionyeshe", "ilikuwaje?", na "wewe ungekuwa mimi ungeanza na lipi?" Na "mmeelewa?" nimeiacha kabisa, kwa sababu tangu niajiriwe sijawahi kusikia watu wakijibu "hapana".

Kuna jambo jingine ambalo lilinigharimu zaidi ya barafu. Binti mmoja wa kufungasha alinieleza kwamba wanafunga mikate kwenye mifuko kabla haijapoa, kwa sababu gari linafika saa kumi alfajiri na dereva hataki kungoja. Mkate wa moto ukifungwa unatoa jasho ndani ya mfuko, na unawahi kuota ukungu. Taarifa ya dhahabu. Nikaenda nayo kwenye kikao, nikamtaja kwa jina mbele ya mkuu wa usafirishaji. Nilidhani namsifu. Kufikia mchana madereva walikuwa hawamsalimii.

Kwa muda wa mwezi mzima kila nilichouliza upande wa kufungasha nilijibiwa "kila kitu kiko sawa, bosi". Nililazimika kwenda kwake, nikamwomba msamaha, kisha nikawafuata madereva mmoja mmoja kuwaeleza kwamba ratiba mbovu ile niliipanga mimi. Tangu hapo nina masharti mawili. Ninachoambiwa nakipeleka mbele kama tatizo la kazi, jina la mtu linabaki kwangu mpaka mwenyewe aniruhusu. Na jibu la swali langu halimpi mtu adhabu, hata kama limefichua kosa lake. Akidanganya, hilo ni jambo jingine.

Pia usiende mbali mno. Kuna udadisi na kuna umbea, na wafanyakazi wanajua tofauti yake upesi kuliko wewe. Nani anaishi na nani, nani amekopa wapi, hayo siyagusi. Nauliza kuhusu kazi tu, na mtu akitaka kunieleza ya nyumbani nitamsikiliza.

Daftari la zamu bado lipo. Nimelichorea safu mpya upande wa kulia, "kilichokushangaza leo", na sitii sahihi mpaka niwe nimeijibu, hata kama jibu ni "sijui, tuangalie". Taarifa nyingine ni fupi: oveni ya pili inaunguza kona ya kushoto, panya wameonekana stoo. Ijumaa iliyopita mzee yule ameandika kwamba unga wa shehena mpya unakunywa maji mengi kuliko ule wa mwezi jana, ingawa gunia ni la aina ileile. Nimempigia aliyetuuzia, anasema unga haujabadilika. Mzee anasema umebadilika. Tumebakiza magunia mawili ya shehena ya zamani, na leo saa kumi na mbili naingia na mzani tukande unga wa zamani na ule mpya sambamba.