Kabla hujamvisha mtu wa mwaka 2170

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliingia kibandani kwangu na mfuko wa nailoni kwapani. Akaumwaga juu ya meza: mita 4 za satini ya rangi ya fedha, zimeshakatwa zote. Mikono, kifua, mgongo, miguu. Akaniambia, "Fundi, imebaki kushona tu." Nikamuuliza amepima nini. Akanionyesha simu, na ndani ya simu mlikuwa na mchoro wake mwenyewe, rubani wa chombo cha anga, mchoro mzuri kwelikweli. Nikachukua kipande cha mkono nikamwekea begani. Kwapani kilipungua vidole vinne.

Sikumgombeza. Nilimmiminia chai. Lakini huyo ni wa tatu tangu mwaka uanze, na wote wanakuja na makosa yale yale ambayo mimi niliyalipia zamani, kwa pesa na kwa jambo lililo kubwa kuliko pesa. Basi wadogo zangu mnaobuni wahusika wenu wenyewe na kuwashonea mavazi ya kuvaa kwenye maonyesho, nawaandikia nyinyi. Kuvuta uzi wa bobini mnajua, foamu ya milimita 5 na ya milimita 10 mnazitofautisha kwa kugusa, kwa hivyo huko sirudi.

1. Merikani kwanza. Anayeshona suruali ya shule atapata patani, kile kiolezo cha kukatia, kwa fundi yeyote, ila mhusika uliyemzaa wewe hana patani popote duniani. Itabidi uitengeneze juu ya mwili wa atakayevaa. Chukua merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ile ya bei ya chini kabisa. Bibi zetu waliiita hivyo kwa sababu ilifika Unguja na meli za Wamarekani katika karne ya 19. Shona suti nzima kwa merikani, kwa mishono mirefu inayofumuka upesi. Mvishe mtu, mwambie achuchumae, afunge kamba za viatu, ainue mikono kama anayetundika pazia. Palipokaza pasua, palipolegea bana, andika kwa kalamu juu ya kitambaa chenyewe. Ukimaliza fumua, na vile vipande vilivyojaa maandishi ndivyo patani yako. Shuka kuukuu pia linafaa, mradi lisivutike.

2. Satini na mahameli zina uelekeo. Laza vipande vyote vikitazama upande mmoja, la sivyo mguu wa kulia utang'aa na wa kushoto utafifia.

3. Mwili ulio ndani. Hapa nitakaa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na miaka 19 alipokuja na mhusika wake, Mwanajua. Mwanajua ni fundi wa mitambo wa mwaka 2170, anaishi baharini juu ya majukwaa ya San Marco pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Binti hakuokota jambo hewani. Majukwaa yale yapo, na Waitaliano walirusha roketi kutoka hapo kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei ya angani, ikapewa jina Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka 7 ya uhuru wake. Mwanajua anaishi miaka 200 baada ya siku hiyo. Anakwangua kutu, anapaka grisi, na anamsubiri kaka yake aliyepanda juu asirudi. Binti aliponisimulia niliacha magauni mawili ya harusi mezani nikaanza kuchora.

Nilishona kwa reksini nyeupe, ile ya makochi. Ndani nikatia bitana ya poliesta, na kati yake sponji mabegani na mapajani ili suti ijae. Glavu nikazishonea moja kwa moja kwenye mikono ya suti. Mgongoni nikaweka mitungi ya hewa: chupa mbili za soda za lita 2 zilizopakwa rangi, juu ya ubao mwembamba, ubao umeshikwa kwa boliti nne. Na zipu? Zipu ilikuwa mgongoni, na kwa kuwa nilichukia ionekane, niliificha chini ya ule ubao. Ukiizunguka suti ile hukuona mahali pa kuingilia. Nilisimama mbali nikaitazama, nikasema moyoni, huyu amezaliwa na ngozi hii. Kumvisha kulinichukua karibu nusu saa, zipu kwanza, boliti baadaye. Namna ya kumvua sikuifikiria hata mara moja.

Onyesho lilikuwa Mombasa, mwezi wa Machi. Mnaoijua Mombasa ya Machi hamhitaji nieleze. Alivaa saa nne asubuhi. Watu walipanga foleni kupiga naye picha, watoto wakimshika glavu, na kila nilipomtazama aliniinulia kidole gumba. Saa sita ilipopita niliona mvuke umeanza kutanda ndani ya kioo cha kofia. Nilivyowaza wakati ule nakumbuka vizuri: picha zitapendeza, mvuke ule unaonyesha pumzi ya mtu aliye angani. Fundi wa miaka mingi, namtazama mtoto wa dada yangu akipikika, na ninachowaza ni picha.

Mara akaegemea ukuta. Akateleza taratibu mpaka akakaa chini, na miguu ya suti, ambayo sikuwahi kumjaribisha kukalia, ikambana magotini asiweze kuikunja. Nikamvua kofia. Midomo imekauka, macho yamefunguka lakini hayanifuati. Nikampeleka mkono mgongoni kutafuta zipu, vidole vikagonga ubao. Boliti nne. Bisibisi ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa chumba cha kuvalia, upande wa pili wa ukumbi.

Mfukoni nilikuwa na mkasi wangu wa kitambaa, ule nisioruhusu mtu akate nao karatasi. Nikauingiza kwenye kola nikashuka nao ubavuni: reksini, sponji, bitana. Mkasi ulikuwa mzito, nikikata huku nikimwita jina lake. Ubavu ulipofunguka, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya wali. Fulana yake ya ndani ungeikamua ukajaza kikombe. Muuguzi aliyekuwa miongoni mwa watazamaji alimlaza, akamwagia maji shingoni na kwapani, wengine wakampepea kwa leso, kisha tukampeleka hospitali. Usiku tulirudi naye nyumbani, mzima, nashukuru Mungu kila nikikumbuka.

Kesho yake aliniambia, "Mjomba, nilianza kuhisi vibaya tangu saa tano. Ila nilikuona ulivyofurahi." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Dada yangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliifua ile suti, akaikunja pamoja na mkato wake, akaniletea na kuniwekea mezani. Nimeitundika ukutani juu ya cherehani. Mnaokuja kwangu mmeiona, na wengi mmeniuliza kwa nini siitengenezi.

Baadaye nilianza kusoma habari za suti za kweli, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Tarehe 5 Juni 1966 Mmarekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A. Kazi ilikuwa ngumu, mwili wake ukatoa joto kuliko hewa ya suti ilivyoweza kulipoza, na kioo cha kofia kikajaa ukungu asione mbele. Kioo kilekile nilichokiona mimi Mombasa nikakisifu. Waliokwenda mwezini walivaa nguo ya ndani iliyopitishwa mirija ya maji baridi, na ile ya wanaanga wanaotoka nje ya chombo siku hizi ina takribani mita 90 za mirija. Na suti zile za Apollo nani alizishona? Kampuni ya International Latex ya Dover, jimbo la Delaware, iliyojulikana kwa sidiria na nguo za kubana kiuno za Playtex. Wanawake waliotoka kwenye cherehani za sidiria ndio waliowavisha watu wa mwezini. Mtu aliyeshona sidiria miaka kumi anajua kwamba ndani ya nguo kuna mbavu zinazopanuka, na jasho, na ngozi inayochubuka. Hilo ndilo nililolisahau mimi kwa kupenda mchoro.

Kwa hiyo kwangu sasa suti haitoki mpaka mvaaji aivue mwenyewe, peke yake, nikihesabu mpaka 60. Akishindwa nafumua. Zipu inakaa mbele au ubavuni, na kama unachukia ionekane ifunike kwa ukanda wa velkro. Glavu zivulike. Chini ya mitungi na kwapani weka wavu badala ya reksini, hakuna atakayeona. Ndani avae pamba. Kwenye kofia tia feni mbili ndogo za kompyuta, za volti 5, moja ivute na nyingine itoe. Aweze kwenda haja bila kumwita mtu; msicheke, ulizeni waliowahi kushonewa suti za kipande kimoja. Kila nusu saa avue kofia anywe maji hata akisema yuko sawa. Hasa akisema yuko sawa. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kumtazama yeye, si suti, mkasi na bisibisi vikiwa mfukoni mwake.

4. Kikwapa. Hapa nawaonea uchungu, kwa sababu dawa mnayo kabatini kwa babu. Mikono ikiinuka suti nzima inapanda, mkanda unafika kifuani, na mnadhani mtaponya kwa kuongeza upana. Itazameni kanzu. Kwapani ina kipande kidogo cha pembe nne, kikwapa, na ubavuni ina taharizi, kipande kirefu cha kuipanua. Mzee anainua mikono kutia takbira na kanzu inatulia pale pale miguuni. Kata kikwapa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, ili kivutike kidogo, sentimita 10 kwa 10 kwa mtu wa kawaida, kishonee katikati ya mkono na ubavu, ncha moja ielekee kiwiko na nyingine kiuno. Pembe zake shona polepole, simamisha sindano ndani ya kitambaa kabla ya kugeuza.

5. Reksini haisamehe. Tundu la sindano halifungiki, kwa hivyo usitumie pini, tumia vibanio vya karatasi, na usifumue ovyo. Mguu wa cherehani ukinata, weka karatasi laini juu ya reksini, shona, kisha ichane. Sindano namba 16, mshono mrefu. Ukishona mafupi mafupi unachora mstari wa kuchanikia.

6. Foamu ipulizie hewa ya moto kwanza mpaka ing'ae kidogo, ndipo upake rangi. Gundi ya viatu paka pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, kisha bandika mara moja na usibabaike. Fungua madirisha. Taa ulizotia kwenye suti zikizimika zenyewe baada ya muda mfupi, huenda pawabenki haikuharibika: nyingi hujizima zikiona umeme unaotumika ni mdogo mno.

7. Uchafu nao unabuniwa. Mtu anayefanya kazi baharini Ngomeni hawezi kuwa na magoti meupe. Chumvi itaacha mistari pale jasho linapokaukia, kutu itashuka kutoka kwenye boliti kwenda chini, grisi itakaa pajani pale anapofutia mkono wa kulia. Kabla ya kupaka chochote muulize mvaaji: mhusika wako ni wa mkono gani? Mpwa wangu alinijibu bila kufikiri, "Kushoto, mjomba, kama kaka yake." Nilifuta nikaanza upya.

Ndiyo, alikubali nimshonee tena. Suti ya pili ina zipu mbele, kuanzia kidevuni mpaka chini ya kitovu, na inaonekana kabisa. Bitana ni leso, yaani kanga, ya mama yake, pamba tupu, na jina la leso, ule usemi wake, limekaa sawasawa juu ya moyo pale ambapo hakuna anayelisoma ila yeye akivaa. Anaivua kwa sekunde 40.

Kuhusu kijana wa satini: vidole vinne kila upande haviponi kwa kuvuta. Tulichukua baki la kitambaa cha buluu alichonunua kwa ajili ya mkanda, tukakata vikwapa viwili na taharizi mbili ndefu kutoka kwapani mpaka nyongani. Akawa kimya muda mrefu akizitazama zilivyolala juu ya ile fedha. Kisha akatoa simu, akafungua mchoro wake, akaanza kuchora mistari ya buluu ubavuni mwa rubani.

Nikamwambia afunge simu, avae, achuchumae.