Jibu: Femi au Seun, nani kafuata nyayo za Fela?

Ndugu, umeuliza kati ya Femi na Seun Kuti ni yupi hasa aliyefuata nyayo za baba yao, Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria aliyeanzisha muziki wa Afrobeat. Mimi naona kila mmoja alirithi kitu chake.

Seun alirithi bendi. Fela alipofariki Agosti 1997, dogo alikuwa na miaka 14 tu, akasimama mbele ya Egypt 80, bendi ya baba yake, wengine humo wakiwa wameanza kumpigia baba yake kabla yeye hajazaliwa. Hebu fikiria kumwambia mzee kama huyo kwamba saksofoni yake imechelewa kuingia!

Femi alijitafutia njia. Fela alipofungwa 1984, yeye ndiye aliyeishika bendi. Mwaka 1986 akajitoa na kuunda bendi yake, Positive Force, na kwa baba kama yule, kujitoa halikuwa jambo dogo. Sikiliza nyimbo zake: nyingi zinaisha ndani ya dakika tano au sita. Kwa Fela, muda huo ngoma na tarumbeta bado zinapasha moto, mwenyewe hata mdomo hajafungua. Kwa hilo Femi nampa maksi zaidi, ingawa mashabiki wa Seun najua mtanirukia.

Halafu umemsahau Made, mtoto wa Femi. Kasoma muziki Trinity, chuo cha muziki cha London, alikopita babu yake miaka ya 1950, na kwenye albamu yake ya kwanza, 2021, ala zote kapiga mwenyewe. Anza na huyo.