Kama Mfalme Mchanga Jean wa Kwanza Angeishi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Jean wa Kwanza wa Ufaransa alizaliwa akiwa tayari mfalme, akafariki baada ya siku chache. Je, kama angeishi hadi utu uzima, Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa visingetokea?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa maoni yangu, vita vingetokea, ambalo lisingekuwapo ni dai la mfalme wa Uingereza juu ya taji la Ufaransa.

Mfalme Louis wa Kumi wa Ufaransa, baba yake Jean, alipofariki Juni 1316, aliacha mjane mjamzito, Clémence wa Hungaria, na binti mdogo, Jeanne, aliyezaliwa na mke wa kwanza. Tangu 987 kila mfalme wa ukoo wa Louis alikuwa ameacha mwana wa kumrithi, hivyo hapakuwa na haja ya kuuliza kuhusu mabinti. Jean alizaliwa Novemba, akaishi siku tano. Philippe, mdogo wake Louis, aliyekuwa akishikilia madaraka kwa niaba ya mtoto huyo, akatawazwa Reims Januari 1317, milango ya mji ikiwa imefungwa na kulindwa. Mjomba wa Jeanne, Mtawala wa Burgundia, alipinga, lakini mwezi uliofuata mkutano wa Paris ukatamka kuwa mwanamke harithi ufalme wa Ufaransa. Hiyo ilikuwa dhuluma: mtoto wa miaka mitano alinyang'anywa urithi na baba yake mdogo, kisha likatafutwa neno la kuhalalisha. Philippe mwenyewe alipofariki 1322, mabinti zake nao wakarukwa, akatawala ndugu yake Charles.

Charles naye alifariki 1328 bila mwana, na ndipo ikadaiwa kwamba Edward wa Tatu wa Uingereza, mwana wa Isabella, dada yao, angeweza kurithi kupitia mama yake. Jean angekuwa hai, Edward angebaki mtoto wa shangazi tu.

Hata hivyo, ugomvi wa Guyenne, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, ungebaki palepale. Tangu mkataba wa 1259 wafalme wa Uingereza waliishikilia nchi hiyo kwa kumwapia utii mfalme wa Ufaransa, na mfalme wa Ufaransa aliitwaa 1294, 1324 na tena 1337, mwaka ambao Jean angekuwa kijana wa miaka ishirini mwenye kudai kiapo kilekile. Tofauti ni kwamba ugomvi wa ardhi ulikuwa na njia ya kumalizika, kama ulivyomalizika 1303 kwa Guyenne kurudishwa. Edward alipojitangaza mfalme wa Ufaransa mjini Ghent, Januari 1340, aliwapa watu wa Flanders, jimbo lililokuwa chini ya taji la Ufaransa, kisingizio cha kupigana upande wake bila kuonekana wamevunja kiapo kwa mfalme wa Ufaransa. Chini ya Jean wangelazimika kuchagua waziwazi kati ya kiapo hicho na sufu ya Uingereza iliyolisha viwanda vyao vya nguo.