Jibu: Radi inaumizaje watu wengi bila kumpiga kila mmoja?
Mkuu, umeuliza radi inajeruhije kundi zima. Chukua ile dhoruba ya tarehe 22 Agosti 2019 kwenye milima ya Tatra, Poland: wanne walifariki upande wa Poland, wawili kati yao watoto, na zaidi ya 100 wakaumia, wengi wao pale kwenye mlima Giewont. Kileleni kuna msalaba wa chuma wa mita 15, na njiani minyororo ya kushikilia. Umeme husambaa kwenye chuma na ardhini, unapanda mguu huu unashukia ule. Ndivyo ng'ombe wanavyokufa pamoja chini ya mti mmoja.

Na tafadhali, aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshike! Kama hapumui, mkandamize kifua palepale.