Kupika dunkel nyumbani: usiikimbize

Niko Munich mwaka wa sita sasa na bia ninayoipenda kuliko zote huku ni dunkel, ile lager ya kahawia iliyokoza ambayo ukiinua glasi kwenye mwanga unaona wekundu kidogo. Naipika mwenyewe kwa kimea cha punje, sio ile sharubati nzito ya kopo, na kuna kosa nililifanya mwanzoni ambalo nataka wewe usilirudie.

Kwanza kimea. Watu wakitaka bia nyeusi wanajaza kimea kilichokaangwa, matokeo yake inakuwa chungu kama kahawa iliyoungua. Ladha ya dunkel inatoka kwenye kimea cha Munich, aina iliyokaushwa kwa joto kubwa kidogo bila kuunguzwa, kwahiyo kwa lita 20 naweka kilo 4.8 za hicho na gramu 150 tu za Carafa Special, kimea cha kukaangwa ila kimekobolewa ndo maana kinatia rangi bila ule ukali. Maji ya huku yana chokaa nyingi na kimea cha rangi kina asidi kidogo inayoyasawazisha, ndo moja ya sababu bia za zamani za Munich zilikuwa za giza.

Nachanganya kimea na maji ya moto mpaka uji utulie kwenye digrii 64, nafunika na blanketi nusu saa, halafu nachota theluthi moja, ile nzito ya chini, naichemsha kwenye sufuria nyingine dakika 20. Hapo usiondoke aisee, koroga kama unasonga ugali maana ikishika chini bia yote itanuka moshi. Kwenye dakika ya 10 hivi uji unaanza kuiva rangi, unakuwa kama asali ya porini, na jiko zima linanukia mkate uliotoka kwenye oveni sasa hivi. Ukiurudisha kwenye sufuria kubwa joto linapanda hadi 72 lenyewe. Kuna wanaosema hatua hii siku hizi haina haja, na kweli sukari itatoka hata bila hiyo, ila mimi ile harufu siiachi.

Nachuja, nachemsha saa moja na gramu 45 za hopsi, yale maua ya kutia uchungu, aina ya Hallertauer Mittelfrüh, basi. Bibi yangu Moshi mbege yake aliitia uchungu kwa msesewe, anaweka kidogo anaonja, anaweka kidogo anaonja, na huku ni hivyohivyo, uchungu unausindikiza utamu tu.

Sasa kosa lenyewe. Mara ya kwanza nilipoza hadi digrii 24 nikachoka, nikatia chachu nikasema friji itamalizia usiku. Siku ya nane povu limeshuka nikajaza chupa. Nikampelekea jirani yangu, mzee wa hukuhuku, akanusa tu akasema siagi, akaweka glasi mezani. Na kweli ilinuka siagi, chupa 38 zote, niliumia sana. Chachu ya lager ukiianzisha kwenye joto inatoa hiyo siagi nyingi, na ukiitoa mapema kabla haijairudia kuila, inabaki humo.

Siku hizi napoza hadi 9 ndo natia chachu, pakti mbili za W-34/70, chachu kavu ya lager, sio moja, maana kwenye baridi chachu inafanya kazi polepole. Naiacha kwenye 10. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa sukari kwenye bia, inaanza na 1.050, ikishuka hadi 1.020 napandisha joto hadi 17 kwa siku tatu ili chachu iile ile siagi. Halafu nachota bia kwenye glasi mbili, nafunika, moja naiweka kwenye maji ya digrii 60 dakika 20, naipoza, nanusa zote mbili. Joto linaitoa siagi iliyojificha, kwahiyo ile iliyopashwa ikinuka siagi nasubiri siku mbili zaidi, hata kama wageni wanakuja Jumamosi.

Ndipo nashusha taratibu hadi digrii 1 na kuiacha wiki sita. Neno lenyewe lager kwa Kijerumani ni stoo, na mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, eneo la huku Munich, Albrecht V, alikataza kupika bia kuanzia 23 Aprili hadi 29 Septemba kwa sababu bia ya kiangazi ilikuwa inaharibika. Hawakuwa na friji wale, walikuwa na mahandaki na barafu, wakasubiri.

Kama huna friji ya ziada na unakaa huku, anza Novemba kwenye chumba cha chini kisicho na hita, ila weka themomita humo wiki nzima uone joto linavyocheza usiku na mchana kabla hujanunua hata kilo moja ya kimea.